Word inasema hati imepigwa kufuli na mimi mwenyewe, na hakuna aliyeifungua. Kufuli liko wapi?

karani_wa_faili

Wakuu, habari za kazi. Nina hati ya Word inayoitwa Mkataba_Rasimu.docx, iko kwenye folda ya pamoja ndani ya seva ya Windows. Kila nikiifungua naambiwa imepigwa kufuli kwa sababu mtu mwingine anaihariri, na jina linalotajwa ni langu. Napewa kusoma tu au kutengeneza nakala.

Nimefunga Word zote na kuwasha kompyuta upya, hali ni ileile. Wenzangu watano wanaotumia folda hiyo wamethibitisha hawajaifungua, na wao wakijaribu wanaona jina hilohilo. Nikiinakili hati na kuiweka kwenye kompyuta yangu, nakala inafunguka na kuhifadhika vizuri. Sitaki kuendelea na nakala, tutaishia na matoleo sita ya mkataba mmoja. Nalitoaje kufuli hili bila kuharibu hati?

---

mlinzi_seva

Mkuu, kabla hujafuta chochote, tenganisha vitu viwili ambavyo ujumbe huo unavichanganya.

Cha kwanza ni kufuli lenyewe. Programu ikifungua hati, inauambia mfumo wa uendeshaji "hii nimeishika, mwingine asiandike". Kufuli hilo halikai ndani ya hati. Linaishi kadiri programu iliyoishika inavyoishi, na likiwa la mtandao, kadiri muunganisho na seva unavyodumu.

Cha pili ni kikaratasi cha mlangoni. Word inaandika faili dogo lililofichwa kwenye folda ileile ya hati, lenye jina la aliyeifungua. Jina la faili hilo huanza na ~$, na hati yenye jina refu hupoteza herufi mbili za mwanzo. Kwa hiyo la kwako litaitwa ~$ataba_Rasimu.docx. Usihangaike kutafuta "~$Mkataba", hutalipata. Jina fupi kama Barua.docx hubaki zima: ~$Barua.docx. Excel nayo haikati herufi. La Word kwa kawaida lina baiti 162. Ukifunga hati vizuri, Word inalifuta. Word ikifa ghafla, umeme ukikatika au mtandao ukidondoka, linabaki, na anayefuata anakuta jina la mtu aliyeondoka zamani.

Sasa jina. Word hailichukui kwenye akaunti uliyoingilia kwenye kompyuta. Inalichukua kwenye mipangilio yake yenyewe, ukurasa wa Jumla, sehemu ya jina la mtumiaji. Kompyuta zikiwekwa programu kwa kunakiliwa kutoka mashine moja, zote zinaweza kuwa na jina moja, na hapo "wewe" unaweza kuwa mtu wa meza ya jirani. Usiliamini hadi uangalie mipangilio ya kila mashine.

Umesema umewasha kompyuta yako upya na kufuli lipo. Hiyo ni habari nzuri, maana imeondoa WINWORD.EXE (ndiyo Word yenyewe) iliyobaki ikifanya kazi kimyakimya kwenye mashine yako, ambayo ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. (Kwa wengine wanaosoma: bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda kwenye orodha ya kina, ukikuta WINWORD.EXE na huoni dirisha lolote la Word, imalize hiyo kwanza.) Kwako kumebaki mambo mawili: kompyuta nyingine imeishika hati, au kikaratasi kimekwama.

Fungua dirisha la amri kwenye folda hiyo, uandike:

`dir /a ~$*`

Tuletee tarehe na ukubwa wa kitakachotokea. Usifute bado. Kama kuna mtu ameifungua kweli, ukiondoa kikaratasi watu wawili wanaweza kuingia, na atakayehifadhi mwisho atafuta kazi ya mwenzake bila yeyote kuonywa.

---

nyaya_na_swichi

Naongezea upande wa seva, kwa sababu seva ndiyo inayojua nani ameshika nini. Mwombe msimamizi afungue PowerShell (dirisha la amri la Windows) kwa haki za msimamizi kwenye seva yenyewe, aandike:

`Get-SmbOpenFile | Where-Object Path -like '*Mkataba_Rasimu*' | Select-Object FileId, ClientComputerName, ClientUserName`

Ikitokea safu, una anwani ya kompyuta na akaunti halisi, tofauti na lile jina la kwenye mipangilio ya Word. Mpigieni mwenye kompyuta hiyo afunge hati. Mara nyingi utakuta ni laptopu iliyofunikwa na kuachwa usingizini hati ikiwa wazi. Asipopatikana, msimamizi anaweza kukata mshiko huo mmoja kwa `Close-SmbOpenFile -FileId` ikifuatwa na namba iliyoonekana. Yule mtu atapoteza alichokuwa hajahifadhi, kwa hiyo hilo liwe la mwisho. Asiyependa amri afungue fsmgmt.msc, kuna orodha ya mafaili yaliyo wazi, bofya kulia uyafunge.

Kama seva ni ya Linux yenye Samba (programu ya kushiriki mafaili na kompyuta za Windows), amri ni `smbstatus -L`. Hapo uwe mwangalifu: kila kompyuta iliyounganishwa inahudumiwa na mchakato wake mmoja (programu inayoendeshwa kwenye seva), ukiuua mchakato huo unaikata kompyuta nzima pamoja na mafaili yake mengine yote.

Isipotokea safu hata moja, hakuna anayeishika hati. Kilichobaki ni kikaratasi tu.

Jambo moja linalosahaulika: kidirisha cha kuonyesha yaliyomo ndani ya hati, kile cha upande wa kulia kwenye kivinjari cha mafaili cha Windows. Mtu akibofya hati mara moja tu, bila kuifungua, kidirisha hicho kinaisoma na kinaweza kuishika. Kwa mtu huyo Word haijafunguliwa kabisa, naye ataapa hajaigusa. Alt+P inakizima. Kwenye orodha ya michakato kinaonekana kama prevhost.exe.

---

kalamu_huru

Kwa wanaotumia LibreOffice, programu ya ofisi isiyo ya Microsoft, mantiki ni hiyohiyo ila faili lina sura nyingine, na kwa kweli linasaidia zaidi. Hati ikiitwa Mkataba.odt, tafuta `.~lock.Mkataba.odt#` kwa `ls -la`. Ni maandishi ya kawaida, ukiyasoma kwa `cat` unapata mstari kama huu:

`,mhariri,meza-2,14.05.2024 09:12,file:///home/mhariri/.config/libreoffice/4;`

Vipande vinatenganishwa kwa mkato: jina lililojazwa kwenye mipangilio (hapa halikujazwa, ndiyo maana mstari unaanza na mkato), akaunti, jina la kompyuta, tarehe na saa, kisha folda ya mipangilio ya mtumiaji. Nenda kwenye kompyuta ya meza-2 uandike `uptime -s`. Ikikuambia iliwaka baada ya 09:12 ya tarehe hiyo, kufuli limekufa bila ubishi, lifute. Kama iliwaka kabla, angalia `ps aux | grep soffice.bin` na `fuser -v Mkataba.odt`. Kumbuka fuser inaona michakato ya mashine uliyokaa tu. Ukiiendesha kwako hati ikiwa kwenye folda ya mtandao, ukimya wake si ushahidi.

LibreOffice ikiganda, tumia `kill` ya kawaida kabla ya `kill -9`, uipe nafasi ya kujifunga vizuri.

Kuna ujumbe unaowachanganya wengi: hati imefungiwa na wewe mwenyewe kwenye mfumo mwingine. LibreOffice inalinganisha akaunti, jina la kompyuta na folda ya mipangilio. Vyote vikifanana, inajua kufuli ni lako la zamani na inaendelea bila kuuliza. Ukibadilisha jina la kompyuta, au ukiweka mipangilio mipya, hailitambui tena. Kompyuta ni ileile, mtu ni yuleyule, lakini kwa LibreOffice ni mgeni.

Na tafadhali, msizime ufungaji wa hati kwenye mipangilio ya juu kama njia ya mkato. Ujumbe utaondoka kweli, na ulinzi utaondoka nao.

---

karani_wa_faili

Asanteni sana. Majibu ni haya. `dir /a ~$*` imetoa mafaili tisa, siyo moja. La mkataba ni ~$ataba_Rasimu.docx, baiti 162, la wiki tatu zilizopita. Msimamizi ameendesha Get-SmbOpenFile, haikutoa safu yoyote. Jina kwenye mipangilio ya Word ni langu kwenye mashine yangu tu. Nimejaribu kufuta hilo faili kwa `del /a:h`, nimejibiwa kwamba sina ruhusa. Pia kwenye folda kuna rundo la mafaili yanayoanza na ~WRD na ~WRL yenye mwisho wa .tmp. Wiki hizo tatu zilizopita msimamizi aliondoa ruhusa ya kufuta ili mtu asipoteze hati kwa bahati mbaya.

---

mlinzi_seva

Hapo umegusa chanzo. Kama ungejibiwa kwamba faili linatumika, ningesema kuna aliyelishika. Kunyimwa ruhusa ni jambo jingine kabisa.

Word haiandiki juu ya hati yako moja kwa moja. Ukihifadhi, inaandika toleo jipya kwenye faili la muda (~WRD), inaipa hati ya zamani jina la ~WRL, inalipa lile jipya jina la hati, kisha inafuta la zamani. Ukimaliza inafuta na kikaratasi. Mzunguko huo wote unahitaji haki ya kuunda, kubadili jina na kufuta ndani ya folda. Ukiondoa kufuta peke yake, unakuwa umeivunja Word katikati ya hatua: inaunda, haiwezi kusafisha. Ndiyo maana una .tmp nyingi na vikaratasi tisa. Ukifuta hiki kimoja kwa akaunti ya msimamizi bila kurudisha ruhusa, kesho utakuwa nacho tena.

Msimamizi arudishe haki ya kurekebisha, ambayo ndani yake mna kufuta:

`icacls D:\Nyaraka /grant "Wahariri:(OI)(CI)M"`

Badilisha njia na jina la kundi liwe la kwenu. (OI) na (CI) zinafanya haki irithiwe na mafaili na folda za ndani, M ni kurekebisha. Kama aliondoa ruhusa kwa kuweka katazo badala ya kupunguza haki, `icacls D:\Nyaraka` itaonyesha DENY, na katazo hilo liondolewe kwanza, kwa sababu linaishinda ruhusa. Aangalie pia ruhusa za kushiriki folda, kando na hizi: mtu anayeingia kupitia mtandao anapata ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili.

Hofu yake ya watu kufuta hati ni ya haki. Ila dawa yake ni nakala za akiba na matoleo ya awali kwenye seva.

Ruhusa zikirudi, kila mtu afunge Word, kisha ufute kikaratasi. Ukitumia PowerShell, weka alama moja ya nukuu, siyo mbili:

`Remove-Item -Force '.\~$ataba_Rasimu.docx'`

Ndani ya nukuu mbili, alama ya $ inageuka kuwa mwanzo wa jina la kigezo, na amri itatafuta faili lisilokuwepo.

---

nyaya_na_swichi

Kwa atakayefika hapa na hati iliyo OneDrive au SharePoint (hifadhi za mtandaoni za Microsoft): huko hakuna cha kufuta kwenye folda. Word ikifa ghafla, kufuli linabaki upande wa seva hadi muda wake uishe, kwa kawaida dakika 10. Funga Word, subiri zipite, fungua tena. Wengi wanabofya kila nusu dakika na kuhitimisha kwamba imeharibika.

---

karani_wa_faili

Ruhusa zimerudi, kikaratasi nimekifuta, mkataba umefunguka na nimehifadhi. Nilipoufunga, `dir /a ~$*` haikuonyesha tena la mkataba. Yale manane mengine na hizo .tmp nifute zote kwa mpigo?

---

mlinzi_seva

Vikaratasi vinane, endesha Get-SmbOpenFile kwa kila hati kwanza, kisha futa. Zile .tmp usizifute kwa mpigo. ~WRL ni hati ya zamani yenyewe, nzima, yenye jina jingine tu. ~WRD inaweza kuwa toleo ambalo mtu alidhani amelihifadhi na halikufika. Zihamishie zote kwenye folda ya kando, zipange kwa tarehe, na uzifungue moja moja ndani ya Word kwa kuchagua aina zote za mafaili kwenye dirisha la kufungua. Linganisha na hati zilizopo, hasa za siku ambazo wenzako walilalamika kwamba kazi yao haikuhifadhika.