Majani ku bwawa ya tilapia: dawa ao bule?

Mwana Ibanda: Ndugu zangu wafugaji wa Bukavu, leo tubishane kidogo. Juzi papa moja hapa kwetu aliona tilapia zinakufa, jioni akaponda mubirizi, yale majani machungu, na mwarobaini ndoo mbili akamwanga ku bwawa yote, asubuhi maji imekuwa rangi ya chai na samaki zimesimama juu zinafunguafungua kinywa pale maji inaingilia. Zikaisha. Yeye anasema dawa ilichelewa, mie ninasema majani ilioza ikamaliza hewa ndani ya maji, na kama kulikuwa virusi hata hatujui, juu hakuna mwenye alipima.

Sisemi majani haina nguvu, utupa si jani pia? Wazee walikuwa wanaponda wanatupa mtoni samaki zinaelea. Na ku China walipima arctigenini, kitu inatoka ku mimea, juu ya virusi ya samaki yenye kuitwa carpe, virusi yenye wanaita SVCV, ikazuia virusi kujizalisha. Lakini walianza na seli ndani ya chombo cha maabara na kipimo kinajulikana, si ndoo mbili kwa jicho!

Mama wa Kadutu: Sasa tufanye nini, mukubwa? Virusi ya tilapia, TiLV, waliitangaza Israel 2014, 2018 ikajulikana iko hata Ziwa Victoria, dawa ya kununua hakuna. Mwenye eko na bwawa moja na watoto tano hangojake maabara. Mie ninachanganyaka saumu ku chakula, na samaki zangu ziko.

Mwana Ibanda: Ku chakula sikatai mama, ile angalau inaingia tumboni na maji haichafuki sana. Lakini ziko juu ya saumu, ao juu haujanunua alevini, samaki watoto wa kupanda, za mbali zenye hujui zilikotoka? Njo vile virusi inasafirika, na alevini. Uliacha samaki zingine bila saumu ili ulinganishe?

Mama wa Kadutu: Niliachia wapi? Niko na bwawa moja tu.

Mwana Ibanda: Tia kumi kumi ku beseni mbili, moja na saumu moja bila. Na maji ubadilishe kila siku.

Mama wa Kadutu: Beseni za kufulia sikose. Lakini samaki zote ni nzima papa, hiyo virusi ya kupigana na saumu nitaitosha wapi?