Folda ya AppData haionekani kabisa kwenye kompyuta ya nyumbani, naombeni msaada

zabibu_hombolo
Wakuu habari za jioni. Niko Hombolo huku Dodoma, nyumbani tuna kompyuta ya mezani ina Windows 10. Jana toka mchana nilikuwa naandika orodha ya kikundi cha mama cha wakulima wa zabibu, majina, ekari, namba za simu, saa mbili usiku umeme ukakatika na sijasevu hata mara moja, nilijua nikimaliza ndo nasevu. Uliporudi mdogo wangu akawahi kuwasha, Word ikamletea kitu pembeni cha kurudisha faili yeye akafunga. Fundi mmoja kanambia kwa simu niangalie AppData. Nimeingia C, Users, nikafungua jina langu, naona Desktop, Documents, Downloads, Pictures na zingine za kawaida, AppData hamna. Imefutika au? Kesho kutwa mama anapeleka orodha kwa afisa kilimo wa kata na wengine walinitajia kwa mdomo tu, sina pa kunakili upya.

fundi_makole
Pole sana mkuu, haijafutika, imefichwa tu, Windows yenyewe ndo inaificha mtu asije akafuta vitu ambavyo programu zinavitegemea. Hapo hapo kwenye folda ya jina lako bonyeza View juu, halafu weka tiki kwenye kiboksi cha Hidden items. Itatokea imepauka kidogo usishtuke ndo ilivyo. Ingia Roaming, Microsoft, Word. Ukikosa rudi Local, Microsoft, Office, UnsavedFiles. Tafuta faili inayoishia na .asd, ndo kopi Word inayojihifadhia yenyewe, na uangalie saa yake, iwe karibu na muda umeme ulipokatika. Mwenye Windows 11 ni View, kisha Show, ndo utaikuta Hidden items.

mama_kisasa
Mwanangu kuna njia ya mkato, shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika %appdata% piga Enter, unatua Roaming moja kwa moja. Ya Local ni %localappdata%. Ila nakuomba humo kopi tu, usifute kitu. Mimi nilikuta folda ya Mozilla humo Roaming nikadhani ni mabaki nikaifuta kupata nafasi, kufungua Firefox imekuwa kama ndo imeingizwa siku hiyo, paswedi zote nilizosevu hakuna, kurasa za mapishi nilizohifadhi miaka yote hakuna, nililia. Na kuna ile tiki ya Hide protected operating system files, hiyo iache kama ilivyo, unachotafuta hakipo huko.

kijana_ngongona
Samahani naingilia, flashi yangu nimeichomeka stationery kila folda ikageuka shotikati, nayo imefichwa hivi hivi?

fundi_makole
Ndugu hiyo ni kirusi, ndo kimezificha. Piga skani kwanza, usizibofye hizo shotikati. Kisha fungua cmd, lile dirisha la kuandika amri, kama flashi yako ni E andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* usubiri imalize. Usijaribu hiyo kwenye C hata siku moja, utaharibu mpangilio wa Windows nzima.

zabibu_hombolo
Nimeiona wakuu!! Iko Roaming, Word, saa 1:54 usiku. Ila nikiibofya mara mbili haifunguki

fundi_makole
Ikopi kwanza uiweke Desktop. Halafu fungua Word yenyewe, File, Open, pale pa aina ya faili chagua All Files uifuate hiyo kopi. Ikifunguka tu piga Save As kabla hujasoma hata mstari mmoja.

zabibu_hombolo
Imefunguka, mungu awabariki sana. Majina 57 yapo na ekari zao, yamekosekana manne ya mwisho, kumbe Word inajihifadhia kila baada ya dakika 10 ndo maana. Nimeingia Options nimeweka dakika 2. Tiki ya Hidden items nimeitoa, mdogo wangu asije akaingia huko. Hao wanne mama kasema anawapigia sasa hivi.