Nyumba ya kupanga Kigoma: nunua umeme wa 5,000 kabla ya kulipa kodi

Kutoka: Anayehamia, Kisumu

Habari zenu wote. Nahamia Kigoma mjini mwezi ujao kwa kazi ya miaka miwili, mimi, mume wangu na watoto wawili. Dalali amenitumia picha za nyumba ya vyumba viwili Mwanga, ndani ya geti lenye wapangaji wanne, mita moja ya umeme. Anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kwetu tunalipa mwezi kwa mwezi na kuacha dipoziti. Niulize nini kabla ya kutuma pesa? Na kutoka Kenya nije na nini: friji, mtungi wa gesi, kabati?

Kutoka: Mpangaji, Mwanga Kaskazini

Karibu sana dada. Miezi sita ni kawaida huku, wengine wanataka mwaka mzima. Dipoziti ni nadra. Juu ya hiyo sita weka na mwezi mmoja wa dalali, ambao unaulipa wewe, si mwenye nyumba. Kwa hiyo andaa saba.

Shida ya mkupuo ni kwamba ukishalipa huna tena cha kumbana nacho mwenye nyumba mpaka mwezi wa saba. Bomba linalovuja, kitasa kibovu, nyavu zilizochanika: virekebishwe kabla, au viandikwe kwenye mkataba kwamba ukitengeneza mwenyewe, gharama inakatwa kwenye kodi inayofuata kwa kuonyesha risiti. "Fundi anakuja wiki ijayo" usiihesabu. Na kwa picha tu usitume hata mia.

Hata ukiwa Kisumu kuna kitu unaweza kupima. Omba namba ya luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, kisha mtu aliyeko huku akununulie umeme wa shilingi 5,000 za Tanzania. Ujumbe unaorudi na zile tarakimu 20 ndio wasifu wa nyumba. Mita ya kawaida, kundi la bei linaloitwa T1, uniti ni shilingi 292. Weka VAT 18%, tozo ya REA (umeme vijijini) 3% na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) 1%, inafika 356 na senti. Kwa 5,000 tegemea uniti 14. Kama hakuna aliyenunua tangu mwezi uanze, kodi ya jengo ya serikali, 1,500 kwa mwezi, inakatwa kwanza, unabaki na 9.8 hivi. Chini ya hapo, kuna kitu kinakatwa: deni la mita au kodi ya jengo ya miezi ya nyuma. Nyumba ikikaa tupu miezi minne, 6,000 zinamsubiri atakayenunua kwanza.

Kisheria kodi hiyo ya jengo ni ya mwenye nyumba, 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Wapangaji wengi wanainyamazia. Mimi ningeiandika kwenye mkataba ikatwe kwenye kodi ya pango.

Kutoka: Fundi umeme, Ujiji

Naongezea kwenye hiyo mita moja ya watu wanne, maana ndipo ugomvi wa geti zima unapoanzia. Msitegemee ile bei ya matumizi madogo, D1, ya shilingi 100 kwa uniti. Mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, na friji mbili na pasi zinazimaliza mapema.

Kugawana kwa vichwa hakufai: mwenye taa mbili analipia friji ya jirani. Kila mpangaji afungiwe mita ndogo ya kusoma, baada ya luku, kabla ya swichi yake kuu. Someni pamoja tarehe moja kila mwezi na mwandike kwenye daftari. Mfano: mmenunua wa 40,000, kodi ya jengo imetoka, uniti zimeingia 108. Mita yako imesoma 38. Mchango wako ni 38 gawanya kwa 108 mara 40,000, kama 14,100. Jumla ya mita ndogo haitafika 108, kuna taa za nje na pampu ya kisima kama ipo. Pengo hilo gawaneni sawa, mkubaliane mapema.

Friji leta, plagi ni ileile ya pini tatu bapa na umeme ni volti 230. Ila usiichomeke moja kwa moja ukutani. Umeme ukikatika na kurudi baada ya sekunde kumi, kompresa inalazimika kuwaka huku gesi bado ina mgandamizo, inavuta umeme mwingi na waya zake zinaungua. Tafuta kile kifaa cha kulinda friji kinachokata umeme ukipanda au kushuka, halafu kinasubiri dakika kama tatu kabla ya kuruhusu tena. Stabilaiza isiyosubiri haitoshi.

Radi za huku si mchezo, hasa mvua zinapoanza, Oktoba na Novemba. Wingu likifunga, chomoa televisheni ukutani na waya wa dishi nyuma yake. Watu wanachomoa plagi na kusahau dishi, radi inapita hukohuko. Na siku ya kukagua nyumba gusa mwili wa friji au pasi ya mpangaji aliyepo kwa testa. Ikiwaka, nyumba haina waya wa ardhini unaofanya kazi. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba kabla ya mkataba.

Kutoka: Jirani, Gungu

Maji: omba ankara ya mwisho ya KUWASA, mamlaka ya maji ya hapa, na picha ya mita ya maji siku ile ile. Namba zipishane kidogo tu. Zikipishana sana, deni linakuja kwa jina la nyumba na maji yatakatwa ukiwa umeshahamia.

Mji huu ni vilima. Huko juu presha ni ndogo na maji yanaweza kuja usiku tu, basi uliza wapangaji, si dalali. Watu wanne mkitumia lita 80 kila mmoja ni 320 kwa siku, kwa hiyo simtanki la lita 1,000 ni siku tatu tu. Angalia kama ni lenu au la geti zima, na kama floti inafunga maji tanki likijaa. Ikivuja usiku, ankara ni yenu. Ukitaka nyumba karibu na ziwa, tazama ukuta kama una alama ya maji: ziwa lilipanda sana 2020 na 2021.

Wiki ya kwanza nenda ofisi ya serikali ya mtaa na pasipoti na kibali cha ukaazi, ujitambulishe. Huu ni mkoa wa mpakani, Uhamiaji hawalali.

Kutoka: Seremala, Katubuka

Kabati za ubao wa chenga acheni huko. Unyevu wa masika unazivimbisha miguu, bawaba zinang'oka. Kitanda cha mninga utachongewa hapahapa, futi 5 kwa 6. Acheni nafasi ya vidole vinne kati ya kabati na ukuta, la sivyo nguo zitaota ukungu. Gonga fremu za milango kwa mpini wa bisibisi: ikilia kama debe tupu, mchwa wameshakula ndani.

Chandarua: ndoano kwenye jipsam haikai, inadondoka na kipande cha dari. Tafuta mbao za juu kwa kugonga, sauti inakuwa nzito, au fuata mstari wa misumari. Huzipati, nunua fremu ya nguzo nne. Kwa fimbo za pazia, kuta nyingi ni tofali za kuchoma na plasta. Toboa kwa biti ya milimita 6 bila kuwasha nyundo ya drili, kina sentimita 5, weka fisha, kile kiplastiki cha kushika skrubu. Ukiwasha nyundo tofali inamomonyoka na tundu linakuwa pango.

Gesi nunua huku. Mtungi wa Kenya hakuna atakayekubadilishia, na kwenye basi hauruhusiwi. Regyuleta hutofautiana kwa kampuni, kwa hiyo chagua mtungi kwanza. Ukifunga, paka povu la sabuni kwenye maungio uone kama gesi inavuja.

Kutoka: Anayehamia, Kisumu

Asanteni sana. Umeme wa 5,000 umenunuliwa leo tarehe 19. Umerudi uniti 5.6. Deni hakuna, ila kodi ya jengo ni 3,000. Dalali anasema ni kawaida.

Kutoka: Mpangaji, Mwanga Kaskazini

Hesabu imekaa: 3,000 imetoka, 2,000 iliyobaki ni uniti 5.6. Lakini 3,000 ni miezi miwili. Maana yake hakuna aliyenunua umeme kwenye mita hiyo mwezi uliopita, wala mwezi huu mpaka leo. Geti lina watu wanne na mita moja. Wanawasha nini? Ama namba ni ya nyumba nyingine, ama geti ni tupu, ama umeme unapita pembeni ya mita, na hilo TANESCO, shirika la umeme, wakilikuta utaulizwa wewe uliyemo ndani. Usitume chochote. Mwambie dalali akupigie video akiwa amesimama mbele ya mita, namba yake ionekane, na mlango wa nyumba nyuma yake.