MJADALA: Kufundisha wenzako lugha mpya ya programu kazini, ni kazi au ni msaada tu?

Wakuu habarini, naomba tulijadili hili maana limenichosha. Kazini wameamua sehemu ya mfumo tuliyoiandika kwa lugha ya Python ihamie lugha ya Rust, wanataka spidi na memori itumike kidogo, hapo sina ugomvi. Shida mimi ndo nilikuwa naichezea Rust usiku nyumbani, basi bosi akasema "wewe unaijua, wafundishe wenzako", ikaishia hapo. Kazi zangu zilezile, dedilaini zilezile, treningi tujibane saa ya chakula au jioni watu wakiwa wameshafunga laptopu.

Mi nasema kama ofisi ndo imechagua lugha, muda wa kuisoma utoke kwenye saa za kazi na anayefundisha apunguziwe mzigo.

Najua mtasema mprogramu anajisomea. Sawa, ila inategemea lugha. Google walipoikubali Kotlin kwenye Android 2017 watu wa Java walihamia huku kazi zinaendelea, faili la Java na la Kotlin yanakaa projekti moja na yanaitana bila shida. Rust haiendi hivyo, inakutaka ubadili unavyofikiri.

Siku ya kwanza niliingia na slaidi 40, nusu saa haijaisha watu wako kwenye simu. Siku ya pili nikazitupa, nikaandika mistari mitatu kwenye projekta:

let a = String::from("salama");
let b = a;
println!("{}", a);

Nikauliza itatoa nini. Wote "salama", maana kwenye Python a na b yangekuwa majina mawili ya kitu kimoja, basi. Kompaila, ile programu inayokagua na kutafsiri tulichoandika, ikagoma, inasema thamani imeshahama kutoka kwa a. Kimya. Halafu mkongwe wetu mmoja akaja akafuta ile String akaweka namba 5, ikapita! Akanigeukia, "sasa hii mbona imekubali?" Hapo ndo somo likaanza, saa nzima tuko kwenye mistari mitatu, kwamba namba inanakiliwa tu, ila String, yaani maandishi, inabadili mmiliki, na mmiliki ni mmoja, akimaliza muda wake memori inaachiwa hapohapo, ndo maana Rust haihitaji mfagiaji wa kupita nyuma kusafisha memori. Peke yake saa nne usiku yule mzee asingeuliza hilo swali, angebandika .clone(), amri ya kunakili, kila mahali mpaka kompaila inyamaze akalale.

Mdau wa kwanza: Mkuu unalia nini sasa, ujuzi ni wako, ukihama unahama nao. Kitabu rasmi cha Rust kipo bure mtandaoni na toleo 1.0 limetoka tangu 2015, siyo kitu cha jana. Mi lugha tatu nimejifunza bila kushikwa mkono.

Mdau wa pili: Wewe una usiku, mwenzio ana mtoto mchanga. Mkisema watu wasome jioni mnachagua nani abaki nyuma halafu mwisho wa mwaka mnamwita mzembe.

Mleta mada: Mdau wa kwanza, kwenye ujuzi kuwa wangu umenibana kidogo, sibishi. Kitabu pia nimekitumia na ni kizuri, ila hakiujui mfumo wetu. Kosa lililotukwamisha wiki nzima lilikuwa kwenye kipande chetu wenyewe, tulichokihamisha kama kilivyo kutoka Python, hilo huwezi kulikuta kwenye zoezi la kitabu. Nimemwomba bosi masaa mawili kila Alhamisi, tukae wawili wawili kwenye kompyuta moja tuhamishe kipande halisi cha kazi, na mimi tiketi zangu mbili, yaani kazi nilizopangiwa, apewe mtu mwingine. Kajibu ataangalia. Nyie mliopitia hii, aliyefundisha alipunguziwa kazi kweli au aliambiwa ahsante tu?