Amepitisha maka peni juu ya saini ya Hank Aaron. JUU YA SAINI!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule mtu wetu, mnamjua, yule fundi wa vitu asivyoombwa, hakuna nyumba ya Mswahili hapa Atlanta ambayo hajaipitia. Jana kaja kula pilau. Nikaenda jikoni kuchukua kachumbari. KACHUMBARI TU! Narudi nakuta ameutoa mpira wangu wa besiboli kwenye kiboksi chake, kaupakata kama kichanga, maka peni nyeusi mkononi, ananiambia, "Ilikuwa imefifia, nimekukolezea."

Nimekukolezea!

Kinachokolezwa ni chai! Ile ni saini ya Hank Aaron, kwa kalamu ya bluu, pale mishono inapokaribiana, mahali penyewe hasa. Mzee wa besiboli aliyepiga mpira ukavuka uzio mara ya 715 tarehe 8 Aprili 1974, hapa hapa Atlanta, akaivunja rekodi ya Babe Ruth, huku barua za kumtishia kifo kwa ajili ya weusi wake zikimjia kwa magunia. Alifariki 2021. Nani atanisainia tena? Miaka yote hiyo hauoni jua, haushikwi bila glavu, mke wangu anabisha hodi ndipo auangalie. Saini ikishapitiwa na mkono wa mtu mwingine si saini tena, ni mchoro.

Na hata kukoleza hajui! A ya Aaron imekuwa hema la msibani, wino umesambaa kwenye ngozi kama Ziwa Victoria. Halafu akaomba ukoko. Kanikolezea, akaomba UKOKO!

Mpemba_Ohio: Bila picha uzi haujakamilika.

BiMkubwa: Saini ilikuwepo, na sasa inasomeka vizuri. Shida iko wapi? Nilidhani kuna aliyefariki.

Mleta uzi: Soma vizuri, mama! MAKA PENI! JUU YAKE!

Mzee_Kobe: Mkuu, una hakika ilikuwa ya Aaron? FBI kwenye Operesheni Bullpen, ule msako wa saini feki, walikuta mipira ya besiboli yenye saini ya kughushi ya Mother Teresa. Labda jamaa kaongeza thamani.

Mleta uzi: Aliusaini mbele ya macho yangu! Nilipanga foleni masaa matatu!

Mpingo_Asilia: Pole mkuu. Huyo huyo alikipaka kinyago changu cha Kimakonde rangi ya viatu. Nyeusi. Mpingo unapakwa rangi nyeusi ya nini?

Mama_Twins: Afadhali nyie. Mimi ana sufuria langu la pilau tangu Idi ya mwaka juzi.

Shangazi_K: Lile kubwa, mkono mmoja umelegea?

Mama_Twins: Hilo hilo!

Shangazi_K: Hilo ni langu. Wewe uliniambia limepotea.

Mleta uzi: Jamani, mpira wangu!

Mama_Twins: Shangazi, hebu njoo inbox.

Mpemba_Ohio: Hakuna cha inbox, malizaneni hapa hapa.