Mrejesho: pikipiki mpya yenye usukani wa upande na cheni inayogonga

Wakuu, habari za leo. Niliomba msaada hapa kuhusu pikipiki yangu mpya ya cc 150: usukani umekaa upande, cheni inagonga, taa zinazimika kwenye matuta. Imepona, asanteni sana.

Aliyesema nianze na betri alilenga penyewe. Boliti ya waya wa hasi ilikazwa kwa vidole tu. Nilipoushika, waya ukazunguka. Nimeikaza, taa hazijazima tena.

Cheni ndiyo ilikuwa na mambo. Alama za upande wa kushoto na kulia, pale ekseli ya nyuma inapokaa, hazikulingana, kwa hiyo tairi lilikaa mshazari. Nililegeza nati ya ekseli, nikasawazisha pande zote mbili hadi mchezo wa cheni (kiasi inachocheza juu na chini) ukafika milimita 25 (kitabu chake kinataka 20 hadi 30). Pimeni sehemu inayokaza zaidi huku mkizungusha tairi, maana cheni haikazi sawa kote. Na ukishasogeza tairi, breki ya nyuma lazima uirekebishe upya. Hili halikutajwa, nami naliona ni la hatari kuliko kelele.

Usukani ulinyooka kwa kulegeza ekseli ya mbele na boliti zinazobana shokapu, kubana tairi kwa magoti, kuzungusha usukani hadi ulingane na tairi, kisha kukaza.

Pikipiki hizi huja kwenye maboksi na kufungwa harakaharaka. Mwambieni fundi apitishe spana mbele yenu kabla hamjaondoka dukani.

Kilichobaki ni kioo cha kulia, bado kinalegea. Mwenye kujua dawa yake, karibu.