Nimevunjika mkono wa kulia, bastola naishikaje? Naomba ushauri (nipo Texas)

Binti_Kilosa

Habari zenu wapendwa. Maelezo ni marefu kidogo, nivumilieni.

Nipo Texas mwaka wa tisa sasa, nina grini kadi. Nafanya kazi ya kutunza wazee kwenye kituo, zamu ya usiku. Mwaka juzi natoka kazini alfajiri, vijana wawili wakanipora mkoba nikiwa hatua chache tu kutoka kwenye gari. Hawakunipiga, lakini kwa miezi mingi nilikuwa nikisikia viatu nyuma yangu moyo unapaa. Nikaenda darasani nikajifunza silaha, nikanunua bastola ya milimita 9, ile fupi ya kubeba kiunoni. Mara mbili kwa mwezi nilikuwa uwanja wa shabaha, na nilianza kulala vizuri.

Januari nikateleza kwenye barafu ngazini, nikajishikiza kwa mkono wa kulia. Kifundo cha mkono kikavunjika. Nimefanyiwa upasuaji, nimewekewa chuma na skrubu. Wiki ya kumi, nimeambiwa mfupa umeunga, nikaona nirudi uwanjani. Nilipiga risasi 15 tu. Bastola ilikwama mara nne. Kukoki, yaani kuvuta nyuma kile chuma cha juu (slaidi) ili risasi iingie, nilishindwa kabisa, kijana wa pale ndiye alinikokia. Kesho yake mkono umevimba, hata kikombe cha chai nashindwa kukiinua.

Mume wangu anasema tuiuze. Tuna watoto, mmoja miaka 6, mwingine 11. Mimi sitaki kuiuza. Je, nihamie mkono wa kushoto? Ninunue bastola nyingine? Au nikae tu mpaka nipone? Najiona kama niko uchi nikitembea usiku.

Koplo_Mstaafu

Pole sana dada. Nimehudumu jeshini Kenya miaka 14, sasa naishi Dallas. Nianze na hilo la kukwama, kwa sababu najua limekuvunja moyo na huenda umedhani bastola imeharibika.

Bastola ya aina hiyo inajiendesha kwa nguvu ya risasi yenyewe. Risasi ikitoka, slaidi inarudi nyuma, inatema ganda, inachukua risasi mpya kutoka kwenye magazini (kikasha cha risasi). Ili slaidi irudi sawasawa, lazima kuwe na mkono imara ulioshika mpini. Mkono ukilegea, bastola nzima inarudi nyuma pamoja na slaidi, nguvu inapotea njiani, ganda linabanwa. Kwa hiyo silaha yako haina neno. Ilikuwa inakuambia kifundo bado hakijaweza.

Kukoki: wengi hunyoosha mikono mbele na kuivuta slaidi kwa vidole viwili. Usifanye hivyo hata ukipona. Leta bastola karibu na kifua, mdomo wake ukiangalia mbele kwenye shabaha, shika slaidi kwa kiganja kizima cha mkono mmoja, halafu *sukuma mpini mbele* kwa mkono wa pili. Utatumia kifua na mabega badala ya vidole. Ila kwa sasa usijaribu, subiri wa hospitali waseme.

Na kama aliyekuuzia alikupa bastola fupi kwa sababu wewe ni mwanamke, alikukosea. Bastola ikiwa ndogo na nyepesi, teke lake ni kubwa zaidi, na springi yake mara nyingi ni ngumu kuliko ya bastola kubwa.

Tabibu_wa_Viungo

Dada, mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Mombasa. Wagonjwa wa kuvunjika kifundo kwa kuangukia mkono nawaona kila wiki, na kosa ulilofanya nalijua sana: umesikia "mfupa umeunga" ukaelewa "mkono umepona". Ni mambo mawili tofauti. Mfupa huunga kwa wiki 6 hadi 8 hivi. Nguvu ya kushika huchukua miezi 3 mpaka 6, na kwa wengine mwaka mzima. Katikati hapo mishipa, kano na misuli vyote viko nyuma ya mfupa.

Kuna dalili tatu nataka uziangalie leo hii, usingoje miadi. Kwanza, ganzi au kuchomwachomwa kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa usiku. Hiyo ni neva inabanwa. Pili, weka kiganja mezani, jaribu kuinua gumba peke yake juu. Tatu, kunja ncha ya gumba. Kama gumba halinyanyuki au halikunji, piga simu kwa daktari wako siku hiyohiyo, kwa sababu kano ya gumba inaweza kukatika wiki kadhaa baada ya kuvunjika, na wenye chuma wana hatari yao pia, kano husuguana nacho. Hutokea kwa wachache, lakini ikitokea haitaki kuchelewa.

Ukienda kwa daktari usimuulize "naweza kufanya mazoezi?" Atasema ndiyo, akiwaza kukamua sponji. Mwambie wazi: nataka kushika kitu kinachopiga teke la ghafla, mara 50 kwa saa moja. Usione aibu kuitaja bastola. Omba wakupime nguvu ya kushika, mkono mmoja baada ya mwingine, wakuandikie namba. Hiyo ndiyo itakayokuambia lini.

Halafu kama bado unameza dawa kali za maumivu, zile za kusinziza, usiiguse silaha kabisa.

Mzee_wa_Pangani

Mwanangu, nisamehe nikisema kinyume na wenzangu. Mumeo ana hoja. Huku kwetu silaha mtu anaomba kibali kwa polisi, anahojiwa, anaeleza sababu. Huko mnanunua kama kitenge. Mkono haushiki kikombe, utashikaje chuma cha mauti, na nyumbani kuna mtoto wa miaka 6? Mimi ningeiuza, na pesa ile ningeitumia kutafuta zamu ya mchana.

Binti_Kilosa

Shikamoo mzee wangu, nimekusikia na sijachukia. Zamu ya mchana nimeiomba mara mbili, haijapatikana. Bastola iko kwenye sefu ya kufungua kwa alama za vidole, risasi ziko mbali nayo, watoto hawajawahi hata kuiona. Hapa Texas ukiiacha mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia unashtakiwa, na hata kama sheria isingekuwepo nisingethubutu.

Tabibu, asante sana. Gumba linanyanyuka na linakunja. Ganzi ninayo kidogo usiku kwenye kidole cha kati. Nimepiga simu, nina miadi Alhamisi.

Zuhura_HTX

Mdogo wangu, nimepita njia hiyohiyo, mimi lilikuwa bega la kulia. Miezi mitano sikuinua mkono juu ya kifua. Nakuambia kilichonisaidia, uchukue kinachokufaa.

Nilihamia kushoto, na sikurudi nyuma kujuta. Wiki za kwanza sikupiga risasi hata moja. Mazoezi makavu tu, chumbani, dakika kumi kwa siku. Utaratibu wangu ulikuwa huu na sijawahi kuuvunja: risasi zote zinatoka nje ya chumba. Nakagua chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa macho, kisha kwa kidole. Nalenga ukuta wa matofali ambao nyuma yake hakuna mtu. Nikimaliza nasema kwa sauti "nimemaliza" na silaha inarudi kwenye sefu, sirudii "mara moja ya mwisho". Hiyo mara moja ya mwisho ndiyo inayotoboa televisheni za watu, na si televisheni peke yake.

Baadaye nikakodi bastola ya .22, ile ya risasi ndogo, uwanjani. Teke lake ni dogo sana, na springi ni laini. Ukiwa nayo usiifyatue tupu nyumbani bila risasi bandia, nyingi pini yake hugonga ukingo wa chemba ikaharibika.

Ukipiga kwa kushoto, maganda bado yanarukia kulia, yaani yanapita mbele ya uso wako. Miwani ni lazima, na vaa blauzi ya shingo ya juu. Dada mmoja niliyekuwa naye uwanjani ganda la moto lilimwingia kifuani, akageuka na bastola mkononi, wote tukalala chini. Likikuingia, vumilia lile joto, weka bastola chini mdomo ukiangalia shabaha, ndipo utoe. Ganda litakuacha na alama ndogo, huo ndio mwisho wake.

Watakuambia ununue rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, kwa sababu haina kukoki. Ijaribu kwanza. Triga (kifyatulio) ya rivolva nyingi inahitaji kilo 4 mpaka 5 za nguvu kwa kidole kimoja. Kampuni ya Smith & Wesson walitoa bastola ya Shield EZ ya .380 mwaka 2018, slaidi yake laini kweli, ila ina kitufe cha usalama nyuma ya mpini ambacho lazima kiganja kikibane, na mkono dhaifu wakati mwingine haukibani. Usinunue chochote ambacho hujakodi na kukipiga risasi 50 kwa mkono utakaoutumia.

Wakili_Mgeni

Nina swali moja kwa mleta mada, nalo ni la kweli. Umesema unafanya kazi kwenye kituo cha wazee. Ukiwa zamu, bastola inakuwa wapi?

Binti_Kilosa

Inabaki kwenye gari, imefungwa.

Wakili_Mgeni

Nilidhani hivyo. Sheria ya Texas inakataza silaha ndani ya hospitali na vituo vya wazee vyenye leseni bila idhini ya maandishi, na tangu 2011 waajiri wengi hawawezi kumkatalia mfanyakazi kuiacha kwenye gari lake lililofungwa. Umefuata sheria. Lakini angalia: waliokupora walikupata kati ya mlango wa kazini na gari. Sehemu hiyo hasa, bastola iko kwenye gari na wewe uko mikono mitupu. Mkono ungekuwa mzima, bado ungekuwa mikono mitupu.

Kwa hiyo hata kabla ya kuamua mkono upi, shughulikia zile hatua chache. Omba mlinzi akusindikize, omba kwa maandishi. Ingia mapema upate nafasi chini ya taa. Tokeni wawili wawili. Kopo dogo la dawa ya pilipili linaruhusiwa Texas, linafanya kazi kwa mkono wa kushoto, ila uliza kazini kama unaweza kuingia nalo.

Na kwa wengine mnaosoma: dada ana grini kadi, ndiyo maana anaweza kumiliki. Kama upo kwa viza ya masomo au ya matembezi, sheria ya shirikisho inakukataza kumiliki na hata kushika, isipokuwa kwa sababu chache kama leseni ya uwindaji. Usimfuate rafiki uwanjani ukadhani ni mchezo tu.

Binti_Kilosa

Nimekaa na maneno haya tangu jana. Mwaka na nusu nimebeba kitu kiunoni siku zote isipokuwa mahali pale ninapopaogopa. Hakuna aliyeniambia, hata darasani. Mume wangu nimemsomea, akanyamaza, kisha akasema basi nitakuwa nakuja kukuchukua siku zangu za mapumziko.

Koplo_Mstaafu

Wakili amesema la maana kuliko yangu yote. Dada, silaha usiyoweza kuikoki na kuifungua ikikwama, usitembee nayo kwa sasa. Iache kwenye sefu.

Binti_Kilosa (mrejesho, wiki ya 15)

Wapendwa, nimerudi. Daktari alipima neva, haijabanwa sana, nimepewa kifaa cha kuvaa usiku na ganzi imepungua. Nguvu ya kushika: kushoto kilo 26, kulia kilo 11. Mtaalamu wa viungo amesema tusizungumzie milimita 9 mkono wa kulia mpaka ufike 20, na nimekubali.

Mlinzi ananisindikiza. Wenzangu wanne wa zamu wamejiunga, sasa tunatoka kundi. Kopo la pilipili wamenikubalia.

Jumamosi nilienda uwanjani na blauzi ya shingo ya juu, bastola ya .22 ya kukodi, mkono wa kushoto. Risasi 30, haikukwama hata moja. Karatasi nimeileta nyumbani, 22 zimeingia ndani ya duara. Tabibu, asubuhi yake mkono wa kulia haukuvimba. Nimeshika kikombe.